Jumapili nne za kutafuta mahali pa kucheza

Jumamosi ya mwisho ya Mei mwanangu wa pili, anayesoma darasa la pili, alirudi nyumbani na mpira uliopasuka. Alikuwa ameubana kwapani. Hakulia. Aliuweka juu ya mfuniko wa ndoo ya maji, akasema, "Mama, Mwembeni pamefungwa."

Mwembeni ni kiwanja chetu. Tunakaa Kimara, upande ambao nyumba zilitangulia na barabara zikaja baadaye, kwa hiyo sehemu tupu ni za kuhesabu. Kiwanja hicho kina mwembe mmoja mkubwa na nafasi ya kutosha chandimu. Hapo ndipo tunapofunga turubai kukiwa na msiba, ndipo muziki wa harusi unapopigwa, na ndipo watu wanapopanga foleni siku ya kura. Jumamosi ile nusu yake ilikuwa imezungushiwa mabati ya kijani.

Nilijua mabati ni ya nani kabla ya kuuliza. Ni ya jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee mstaafu ambaye watoto wote wa mtaa wanamwita Babu. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Mwaka jana wakati wa masika, saa nane za usiku, kitinda mimba wangu alishikwa na degedege. Mvua ilikuwa inamwagika na bodaboda wote tuliowapigia walikataa kutoka. Babu alitoka na fulana aliyolalia, akawasha Noah yake, akatupitisha kwenye maji yaliyokuwa yanapiga milango hadi hospitali. Asubuhi baba watoto alipompelekea pesa ya mafuta aliikataa.

Sasa mwanangu alikuwa ananitazama anasubiri jibu. "Mama, kile kiwanja ni cha nani?"

Nilimjibu kama tunavyojibu wazazi wengi tukibanwa. Nilibadilisha mada. Nikamwambia likizo inaanza na nitawatoa Jumapili nne mfululizo, kila Jumapili mahali pa kucheza. Baba watoto alinikata jicho, maana ahadi za aina hiyo hulipwa na mfuko wake. Haya yafuatayo niliyaandika nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, kila Jumapili usiku watoto wakishalala.

Jumapili ya kwanza: Coco Beach

Tulipanda mwendokasi hadi Morocco, tukamalizia na bajaji mbili, kwa sababu watu watano na beseni la chakula hawaenei kwenye moja. Ushauri kwa wazazi wenzangu: nendeni asubuhi. Jumapili jioni Coco ni ya vijana na muziki, na mtoto mdogo akikuponyoka mkono kumpata ni kazi. Asubuhi utakuta familia na watu wanaofanya mazoezi.

Tulikuta maji yamekupwa. Miamba ya matumbawe ilikuwa wazi, na katikati yake vidimbwi vyenye kaa wadogo na samaki wa ukubwa wa kidole. Wavalisheni watoto viatu, miamba ile inakata. Wanangu walikaa kwenye vidimbwi zaidi ya saa moja bila kuomba simu. Binti yangu mkubwa, ambaye yuko darasa la sita na siku hizi kila kitu kinamchosha, alikuwa wa mwisho kutoka.

Shida ilianza tulipogeuka kurudi mchangani. Pale bahari ni bure, lakini kila kinachoitazama kinauzwa. Kuna muhogo wa kukaanga na chachandu, kuna mishikaki, kuna madafu. Kuna majumba ya kuruka ya kujazwa upepo, na vigari vya betri ambavyo mtoto akishakalia hashuki. Silalamiki. Wanaouza ni wazazi kama sisi, na muhogo wa Coco sijaupata kwingine. Nasema tu kwamba nilipofungua daftari usiku, matembezi ya "bure" yalikuwa yametugharimu shilingi 34,000, na nusu yake ilikwenda kwenye kuruka na vigari.

Oysterbay, kilipo kipande hiki cha ufukwe, ilipangwa na Waingereza kuwa makazi ya Wazungu. Ukiipa bahari mgongo bado unaona umbo la mpango ule, nyumba ziko mbalimbali na miti ni mikubwa. Leo familia ya Kimara inatandika mkeka pale na hakuna anayeiuliza imetoka wapi. Kwangu mimi hayo ni matunda ya Uhuru yanayoweza kushikwa kwa mkono, pamoja na shule na zahanati, ingawa hatuyataji kwenye hotuba.

Nikiwa nawaza hayo mwanangu akaniuliza, mdomo umejaa muhogo, "Mama, bahari ni ya nani?"

"Ya watu wote."

"Na Mwembeni?"

Baba watoto akaanza kukunja mkeka.

Jumapili ya pili: Kigamboni

Nilichagua Kigamboni kwa sababu ya pantoni. Kwa mtoto wa Kimara kuvuka maji ni safari tosha, hata usipokwenda popote ukishafika. Wenye magari siku hizi huzunguka na Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Kwa familia ya miguu pantoni bado ndiyo raha. Mwendokasi unakushusha Kivukoni, unatembea kidogo ukiwa na harufu ya samaki wa soko la Feri puani, kisha unaingia kwenye banda la kusubiri pamoja na baiskeli, matenga ya nyanya na watu waliotoka ibadani. Nauli ya kuvuka kwa sisi wote haikufika elfu moja.

Kutoka majini unaiona Ikulu ya Magogoni katikati ya miti yake. Binti yangu alitaka kujua kama Rais yumo ndani. Nikamweleza kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma, na kuna Ikulu mpya Chamwino iliyozinduliwa Mei 2023. Akasema, "Kwa hiyo hii ya huku ni ya likizo?" Wanaume wawili waliokuwa nyuma yetu walicheka mpaka pantoni ikagusa ng'ambo.

Kule tulichukua bajaji hadi karibu na ufukwe ambao rafiki yangu alinielekeza. Tulikuta njia ya mchanga katikati ya kuta mbili ndefu, na mwisho wake geti. Mlinzi, kijana mpole, alitusalimia vizuri kisha akataja kiingilio: mtu mzima elfu kumi, mtoto elfu tano, na chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Nilimwambia tunataka kuoga tu, bahari haiuzwi.

"Bahari haiuzwi, mama," akasema. "Unalipia njia."

Sikumkasirikia. Alikuwa amesema ukweli kuliko alivyodhani. Hapo getini mimi na baba watoto tulianza ubishi ambao hatujaumaliza. Yeye anasema hoteli ile imeajiri vijana, inalipa kodi, inasafisha mchanga wake, na pasingekuwa na hoteli pangekuwa na takataka. Mimi nasema hayo yote ni kweli, na bado mtoto hapaswi kulipa elfu tano ili aguse maji ya bahari ya nchi yake. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa. Sheria hiyo ilitungwa kulinda mazingira, lakini ninavyoona mimi, penye mita 60 za wazi na mtu hupata pa kupita.

Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua kando ya njia alitusikia. Akatuelekeza turudi nyuma, tupite kwenye michongoma, tufuate njia ya wavuvi. Ni mwendo wa robo saa, kitinda mimba akiwa mgongoni kwa baba yake. Tulitokea kwenye ufukwe wenye ngalawa nne na wazee wanaoshona nyavu. Tukawaamkia, tukaomba ruhusa, wakashangaa tunaomba nini.

Wanangu walicheza mpira kwenye mchanga mbichi na watoto wa wavuvi mpaka saa kumi. Mpira ulikuwa wa makaratasi na kamba. Hapo ndipo nilipokumbuka kumuuliza mwanangu jambo nililokuwa naliogopa wiki nzima.

"Ule mpira wako, ni Babu aliyeukata?"

Alinitazama kama mtu niliyemtukania ndugu. "Hapana! Ulijikata kwenye bati. Babu alisema atanishonea, ila mimi nilikimbia."

Wiki nzima nilikuwa nimembebesha mzee wa watu kosa ambalo hakulifanya. Niliandika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa, ili nikija kuzungumza juu ya kiwanja nizungumze juu ya kiwanja tu.

Jumapili ya tatu: Mnazi Mmoja

Mama mkwe alikuja kutusalimia katikati ya wiki, nikaona nimwachie yeye achague. Alizaliwa Ilala na amekulia Kariakoo. Alichagua Mnazi Mmoja bila kufikiri mara mbili. Binti yangu akaguna, "Bibi, pale si kituo cha daladala?" Bibi akamwambia avae viatu.

Tulishuka kituo cha mwendokasi cha DIT tukatembea kwa miguu kufuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mnazi Mmoja ni uwanja mrefu wenye miti ya vivuli, upande mmoja barabara hiyo, upande wa pili Mtaa wa Lumumba. Wengi tunaupita tukiwa tumelala dirishani. Jumapili kuna watu wanaopumzika chini ya miti, vijana wanaosoma, na wazee wa magazeti. Hakuna jumba la kuruka. Watoto waliuliza "tunafanya nini hapa?" mara tatu ndani ya dakika kumi.

Bibi aliketi kivulini, akavua viatu, akawaita. Akawaonyesha kwa fimbo yake. Upande ule, akasema, palikuwa Uhindini, maduka na nyumba za ghorofa. Upande huu Uswahilini, Kariakoo yetu, jina lililotokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza. Na Wazungu wako kule baharini. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi za watu, na hapa katikati wakaacha sehemu tupu, isijengwe, ili wa huku wasikaribiane na wa kule.

"Kwa hiyo ni ukuta," akasema binti yangu, safari hii akiwa amekaa chini.

"Ukuta usio na matofali," akajibu Bibi. "Lakini watu hawakuutumia walivyoambiwa."

Akawasimulia jinsi uwanja ulivyogeuka. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na ofisi yake ilikuwa hapo ng'ambo, mtaa ambao sasa ni Lumumba. Watu walikutana uwanjani hapa kusikiliza siasa. Barabara ya upande wa pili leo ina jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewatoa akina mama majumbani kwenda mikutanoni. Mnara wa Mwenge wa Uhuru uko humu humu. Sala za Idi zimesaliwa hapa, na mikutano ya vyama na vya dini imefanyika hapa. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 Bibi alikuwa na miaka kumi. Anachokumbuka ni kanga mpya ya mama yake na kwamba hakuna mtu aliyemwambia aende kulala.

Watoto walikwisha sahau kuuliza tunafanya nini. Walikuwa wanakimbia kutoka "Uhindini" kwenda "Uswahilini", wakipiga kelele kila wanapovuka mpaka. Kitinda mimba aliyekuwa hajui historia yoyote alishinda mara mbili. Gharama ya siku: nauli, na maji ya kunywa.

Wakiwa wanakimbia nilimwambia Bibi habari za Mwembeni. Nilimwambia kwamba Jumapili inayofuata kuna mkutano wa mtaa, kwamba akina mama wenzangu wananitaka niseme kwa sababu nimesoma kidogo, na kwamba mwanawe hataki. "Huyu mzee ndiye aliyetuokolea mtoto," baba watoto alikuwa ameniambia jikoni, kwa sauti ya chini. "Utasimama mbele ya watu umseme?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, deni lako usililipe kwa mali ya watu. Kiwanja si chako wewe kumpa. Ila umwendee kwanza nyumbani kwake. Asikusikie mkutanoni."

Jumapili ya nne: Mwembeni

Kabla sijaeleza mkutano niseme kosa langu. Siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 27, 2024, mimi sikupiga kura. Ilikuwa siku ya mapumziko, jua zuri, nikafua mapazia. Mwezi ule ule ungenikuta saluni ungenisikia nikibishana habari za mawaziri na wabunge kama mtu anayelipwa. Tuko wengi. Siasa za mbali tunazijua kwa majina, na mkutano unaofanyika hatua mia moja kutoka jikoni tunauacha kwa wazee na wasio na kazi. Halafu bati likisimama tunauliza serikali iko wapi. Ilikuwa imekaa pale chini ya mwembe ikinisubiri, nami nilikuwa naning'iniza mapazia.

Jumamosi jioni nilikaanga chapati, nikafunika sahani, nikaenda kwa Babu peke yangu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza na yale ya masika. Nilimwambia sijasahau na sitasahau. Kisha nikamwambia kwamba kesho nitasema kiwanja ni cha wote, na sikutaka alisikie hilo kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Aliacha kutafuna. Akaingia ndani akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi ya mauziano yenye majina ya mashahidi na muhuri wa uongozi wa mtaa wa wakati huo. Alikuwa amelipia nusu ile ya Mwembeni kwa fedha za kiinua mgongo, akitaka kujenga fremu tatu za maduka, zimsaidie yeye na mkewe kwa dawa za presha. Aliyemuuzia alihama zamani. "Nilijua ni halali," akasema. "Muhuri ule pale."

Niliitazama karatasi nikaona uchungu. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Muhuri wa mtaa unaweza kushuhudia kwamba watu wawili wamekubaliana. Hauwezi kumpa mtu kiwanja cha wote. Lakini ni wangapi kati yetu tumejenga juu ya karatasi kama hiyo? Hata sisi, kabla ya wapimaji wa urasimishaji kupita na kutuwekea mawe ya mipaka, tulikuwa na yetu ndani ya Biblia.

"Sema, mwanangu," Babu akaniambia aliponisindikiza mlangoni. "Lakini sema yote. Useme na kwamba nililipa."

Jumapili saa nne asubuhi tulikuwa kama watu hamsini chini ya mwembe. Nilikwenda na watoto wote watatu, na baba watoto alikuja akasimama nyuma, mikono kifuani. Mwenyekiti alifungua, akasoma ajenda za taka na ulinzi shirikishi, zikaliwa dakika arobaini. Ilipofika mengineyo nilinyoosha mkono. Magoti yalikuwa yanagongana.

Sikusema vizuri. Nilirudia maneno, na kuna wakati nilisahau nilichokuwa naelekea. Lakini nilisema yote. Nilisema kwamba kiwanja hiki tumefanyia misiba yetu na kwamba watoto wetu hawana pengine isipokuwa barabarani. Nilisema kwamba mzee wetu hakupora kitu, alinunua kwa nia njema na aliyemuuzia ndiye mwenye kosa. Nilisema kwamba usiku wa masika alinibebea mtoto, na kwamba kama mtaa unataka kiwanja chake basi mtaa umsaidie na yeye kudai fedha zake, tusimwache peke yake na bahasha.

Watu walipiga kelele kidogo. Kijana mmoja alisema mabati yang'olewe leo leo. Mwingine alisema wenye nyumba waache kusumbua wawekezaji, fremu zitaleta ajira. Ubishi ule ule wa Kigamboni, nikafikiri, umetufuata hadi nyumbani. Kisha mama anayeuza chakula karibu na kituo cha bodaboda akasimama na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama za mafuta. Ilikuwa nakala ya ramani tuliyopewa wakati wa urasimishaji, kila mtu akaitupa, yeye akaiweka kwenye kabati la vyombo. Mwembeni ilikuwa imepakwa kijani yote, na maneno yanasomeka: eneo la wazi.

Palinyamaza. Nilimwangalia Babu. Alikuwa ametoa miwani na anaifuta, muda mrefu kuliko kioo kinavyohitaji.

Iliamuliwa hivi, na kuandikwa kwenye muhtasari. Ramani na karatasi ya mauziano zipelekwe manispaa kwa mpimaji na ofisa wa mipango miji. Watu watano wafuatilie, nami ni mmoja wao, pamoja na Babu mwenyewe. Mpaka jibu litakapotoka hakuna kujenga, na bati la upande wa mwembe litolewe ili watoto wapite.

Hayo ni majuma matatu yaliyopita. Tumekwenda manispaa mara mbili. Mara ya kwanza mhusika alikuwa safarini, mara ya pili tuliandikiwa tarehe. Baba watoto sasa ndiye anayenikumbusha tarehe hiyo, na siku ya pili aliomba ruhusa kazini akaenda na sisi. Babu bado anaitikia shikamoo yangu, lakini hasimami tena kuuliza habari za watoto kama zamani. Nimeamua kutodai hilo pia. Nitaendelea kuamkia.

Kama unawatoa watoto likizo ijayo, chukua niliyoyapata kwenye daftari. Coco nenda asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na beba chakula chako. Kigamboni panda pantoni, ukifika uliza njia ya wavuvi. Mnazi Mmoja nenda na mzee anayekumbuka. Ukirudi, uliza mkutano wa mtaa wako ni lini, na ile ramani ya urasimishaji uliyopewa umeiweka wapi.

Jana jioni nikiwa nachambua mchele nilisikia kelele za chandimu. Nilichungulia. Bati moja lilikuwa limeegeshwa chini, na mwanangu alikuwa golini. Mpira ulikuwa ule ule wa Mei, umeshonwa kwa uzi mweusi wa viatu, mishono mikubwa ya mtu asiyeona vizuri. Sikumuuliza nani ameushona.